Mwache Natasha Akuite Tata

Kambini,
Kusini mwa Somalia.
9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Onyiego,

Bwana asifiwe. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote wa boma letu. Goti la Mama limepoa, au baridi ya asubuhi bado inamsumbua? Huku baridi tumeisahau. Joto linaanza kabla hatujamaliza chai, na maji ya kunywa yana chumvi. Lakini mimi ni mzima, nakula, na siku ya Sabato tukipata nafasi tunaimba chini ya turubai.

Usishangae kupata barua zama hizi za simu. Mnara wa huku ulilipuliwa, na hatujui utatengenezwa lini. Anayekuletea ni Ogweno, rafiki yangu wa upande wa ziwani. Anatembea kwa magongo, kwa hivyo mngojee Nyakoe gari linaposimama. Usimwache apande milima ya kwetu. Kilichompata nitakueleza.

Majani chai yanaendeleaje? Nilisikia mvua imenyesha vizuri Nyaramba, na kwamba wewe ndiwe unayechuma hata mistari yangu. Asante, ndugu yangu. Nikipumzika baada ya zamu nafumba macho, naona ukungu ukipanda kutoka mtoni, namwona mke wangu Bochaberi akishuka na kapu mgongoni. Naona hata moshi wa jikoni. Sikujua mtu anaweza kutamani moshi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Unaikumbuka ile simu ya mwezi wa nne. Bochaberi alimpa Natasha simu akamwambia, "Msalimie baba." Mtoto hakuniongelesha. Nilisikia miguu yake ikikimbia, kisha nikamsikia akikwambia wewe, "Tata, shika, kuna mtu."

Nawe ukamkemea: "Mimi si baba yako! Baba yako ni huyo wa kwenye simu!"

Akalia. Mimi nikakata simu.

Sitakuficha, iliniuma. Nilimwacha Natasha akiwa wa kubebwa mgongoni, hata kusimama hajui. Sauti yangu kwake ni ya mtu tu. Nililala na hasira, na kibaya zaidi, nilikuonea wivu wewe unayenitunzia nyumba.

Kabla mnara haujaharibiwa, Bochaberi alinitumia ujumbe kwamba tangu siku ile huingii tena nyumbani kwangu. Unachuma chai, unapeleka kituoni, unapita njia ya chini. Mtoto akisikia gambuti zako anakimbilia langoni, anakuta umeshapita. Najua ulifanya hivyo kwa kuniheshimu. Lakini sikukutumia neno, maana hasira ilikuwa haijaisha.

Halafu likaja la Ogweno. Gari letu lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Mimi nilitoka na mikwaruzo, yeye mguu ulivunjika vibaya. Tulimlaza kando, tukawa tunangojea helikopta. Akanishika mkono akaanza kuniita Ogada. Ogada ni kaka yake mkubwa, ndiye aliyemlea.

"Ogada, uko? Usiniache hapa."

Nilitaka kumwambia, mimi ni Mogaka. Nikaona ingemsaidia nini? Nikamjibu, "Niko, ndugu yangu. Siendi popote." Akatulia. Hakuniachilia mpaka helikopta ilipotua.

Alipopata nafuu katika hospitali ya hapa kambini nilimwuliza kama anakumbuka maneno yale. Akatikisa kichwa. "Sikumbuki kitu. Ninachojua ni kwamba kaka yangu alikuwepo."

Jibu hilo limenikalia moyoni, Onyiego. Ogada yule hakunyang'anywa chochote siku ile nilipoitikia jina lake. Na Natasha hakukosea. Kwetu ndugu wa baba ni baba. Ndivyo tulivyolelewa mimi na wewe. Mtoto alimwita baba yule aliyeweza kumshika mkono.

Kwa hivyo nakuomba, rudi nyumbani kwangu. Ukitoka kumpokea Ogweno pita pale, keti ulipokuwa ukiketi. Akikuita Tata, itika. Nikirudi salama atakuwa na baba wawili. Na nisiporudi, Mungu apishe mbali, hatabaki bila.

Likizo wameniahidi mwezi wa nane. Najua mtafurahi, kila mtu atataka kumsukuma mtoto kwangu: msalimie baba, msalimie baba! Tafadhali msifanye hivyo. Akiwa ameketi mapajani pako, mwache hapo hapo. Mimi nitavuta stuli upande wa pili, nile mboga za managu za Mama, niongee nanyi polepole mpaka aizoee sauti yangu. Siku atakayotaka, atashuka mwenyewe.

Nisalimie Mama sana, umwambie vidonda vyangu vilikuwa vidogo na vimekauka. Nisalimie dada yetu Nyanchoka kule Masimba na watoto wake. Bochaberi ana barua yake, Ogweno atamkabidhi mwenyewe. Mungu aliyenitoa kwenye vumbi lile awafunike nyote usiku na mchana.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja, akupendaye,

Mogaka