Nilimwambia Aache Fizikia

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, kwa sababu nimemharibia mtu njia yake na yeye bado ananishukuru.

Mimi ni mvulana wa kidato cha nne. Mwaka jana mwalimu wetu wa ushauri alikwenda likizo ya uzazi, hajarudi bado, na kwa kuwa nilikuwa nikimsaidia kupanga majalada akaniachia ufunguo wa kabati lenye vipeperushi vya vyuo, akasema niwe nawagawia wenzangu wakasome, basi, lakini wenzangu wakaanza kuniuliza maswali nami nikaanza kujibu, mara huyu anataka kujua urubani unaanzia wapi, mara yule anauliza kati ya uhasibu na ualimu ipi ina ajira, na kadiri nilivyojibu ndivyo walivyozidi kuja, wakaniita Profesa, na sitakuficha, jina hilo lilinikaa vizuri.

Kuna msichana alikuwa kidato cha pili wakati huo, tunamwita Kijiti kwa wembamba wake, ambaye tangu mama yake mdogo alipolazwa anataka kuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali. Alinikuta nje ya chumba cha walimu, rafiki zake watatu wako nyuma yake, akauliza, "Kaka Profesa, kwa kazi ya maabara lazima nichukue fizikia? Maana fizikia na mimi hatupatani." Sikujua. Kabati lilikuwa hatua tano tu kutoka niliposimama na ufunguo ulikuwa mfukoni, lakini wale wasichana walikuwa wananitazama, nikaona kusema sijui ni kujiumbua, nikamwambia, "Hapana, kemia na baiolojia zinatosha," akafurahi sana, na kidato cha tatu kilipoanza akaiacha fizikia.

Mwezi uliopita shangazi yake alimpeleka chuoni kuulizia, karani wa usajili akawaambia kama hana fizikia wasijisumbue. Jumatatu akanifuata, hana hasira hata kidogo, akasema, "Kaka, nadhani wamebadilisha masharti." Nikamjibu, "Ndiyo, wamebadilisha mwaka huu." Hapo ndipo nilipojichukia. Alipoondoka nikafungua kabati nikakuta kipeperushi cha chuo hicho hicho, cha miaka mitatu nyuma, fizikia imeandikwa mstari wa pili, na badala ya kukimbia kumwonyesha nikakikunja nikaenda nacho nyumbani, na mpaka leo kiko chini ya godoro langu. Orodha ya masomo ya mtihani inafungwa mwisho wa mwezi. Yeye sasa anasema atajifunza ususi tu kwa shangazi yake, kazi asiyoipenda, na kila tukipishana ananiamkia kwa heshima nami sijui niangalie wapi. Tena baba akiniuliza nataka kufanya kazi gani namjibu nitaona, maana wote wanaleta maswali kwangu na mimi langu sina pa kulipeleka. Nifanye nini?

Profesa wa Jina Tu

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikakasirika, na nakujibu nikiwa katikati.

Mwalimu alikuachia kabati, hakukuachia kiti chake. Hata hivyo, lile jibu la kwanza lilikutoka kabla hujafikiri, na wengi wa umri wako wangeteleza hapo hapo. La pili ulilifikiria. Binti wa watu alikupa kisingizio mwenyewe, wewe ukakipokea, kisha ukaficha karatasi ambayo ingemwokoa. Hiyo aibu unayoisikia ni haki yako. Usitafute wa kukupunguzia.

Mimi pia sikuyajua masharti ya kazi hiyo, kwa hiyo nilimpigia simu mtaalamu wa maabara. Ameniambia fizikia inatakiwa, na kwamba amewahi kuona waliorudi kuisoma katikati ya kidato cha tatu. Wapo waliofaulu na wapo waliokwama. Kwa hiyo simwahidi Kijiti lolote. Lakini achague akijua ukweli, si akiamini mlango umefungwa na watu asiowajua.

Na swali lako lipeleke kwa wanaofanya kazi. Nenda kwa fundi umeme, kwa muuguzi, kwa mpima ardhi, muulize Jumatatu asubuhi anaanza na nini, alisoma masomo gani, na kipi anajuta kukifanya. Kisha soma masharti ya chuo kwa macho yako. Ukikutana na mshauri asiyewahi kusema sijui, mshukuru na usirudi. Na baba yako mwambie kweli kwamba hujui. Huenda amekuwa akilisubiri neno hilo.

Ufunguo urudishe kwa mwalimu wa taaluma, umweleze yote, umwombe amsaidie huyo binti kurudishwa kwenye orodha. Akirudi darasani, mpe madaftari yako ya fizikia. Shangazi yake naye aelezwe, nawe uwepo.

Ila kabla ya hayo yote, kesho asubuhi, kabla ya kengele, mpelekee Kijiti hicho kipeperushi. Mwambie: "Nilikuwa sijui, nikakudanganya. Halafu nikakudanganya tena." Usiongeze kwamba wasichana walikuwa wanakutazama. Usimwombe msamaha siku hiyo, maana utamlazimisha akufariji wewe. Akikukasirikia, simama hapo hapo umsikilize mpaka amalize.