Kichochoro Kilichovaa Nguo za Mwaka Mpya

Kanda, Tokyo,
Tarehe 11 Juni,
mwaka wa ishirini na tatu wa enzi ya Meiji.

Mpendwa Kaka Eijiro,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hawaii, na kwamba mkono wako uliokatwa na jani la muwa umepona kabisa. Je, unalala vizuri? Bado mnaamshwa kwa kengele kabla ya jua? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa ajili ya unyevu, Babu haumwi chochote ila ubishi, na mimi nimepanda darasa.

Nakuandikia nikiwa nimechoshwa na watu wote wa kichochoro hiki, hata wale ninaowapenda.

Ulipoomba upelekewe picha ya kwetu, kama kulivyo, kabla hawajabomoa nyumba ili kupanua barabara, nilimsomea Babu barua yako polepole. Nilipofika pale uliposema kwamba umeanza kusahau kwetu, na kwamba jambo hilo linakutisha, Babu aliweka chini taa ya karatasi aliyokuwa akiiandikia jina la mteja. Akafungua lile sanduku la rangi za maji za kigeni ambalo mimi siruhusiwi hata kulifuta vumbi. Nilifurahi sana. Nilidhani kazi imekwisha.

Kumbe Mama alikuwa amemwambia Bi. Otora, mpika maharage wa mlango wa pili. Kumwambia Bi. Otora ni sawa na kugonga kengele ya moto. Kufikia adhuhuri kichochoro kizima kilijua kwamba kinachorwa, na kwamba picha inavuka bahari.

Basi wakaanza kusafisha. Nepi za wajukuu wa Bi. Otora zikaondolewa kwenye miti ya kuanikia. Mfereji wa maji machafu ukafunikwa kwa mbao mpya. Milango iliyotoboka ikabandikwa karatasi nyeupe, Kaka, katika nyumba ambazo zitavunjwa. Paka wa kinyozi alifungiwa ndani kwa kuwa ana sikio moja. Siku Babu alipotoka na ubao wake, aliwakuta majirani wamesimama milangoni wamevaa nguo za Mwaka Mpya, katika joto la mwezi wa tano, shingo zimekakamaa kama za watu wanaopigwa picha studio.

Mwalimu Hirano, anayetufundisha kuchora, hukataza kabisa kuchora kitu ambacho hakipo mbele ya macho. Kwa hiyo niliwakumbusha, kwa adabu, kwamba kaka yangu ameomba kama kulivyo.

"Ndivyo kulivyo," akasema Bi. Otora. "Leo kuko hivi."

"Jana hakukuwa hivi, bibi."

"Jana hatukuwa tunachorwa. Wewe Kinu, ukienda ugenini unakwenda na kamasi puani?"

Tomezo, muuza tofu, naye akamjia Babu huku amebana pumzi. "Mzee, tumbo hili usiliingize. Eijiro akiliona atadhani tofu naila mwenyewe."

"Kwani huili?" akauliza Bi. Otora. "Na likitolewa hilo, pale katikati Mzee atajaza nini?"

"Ajaze mdomo wako. Utatosha na kubaki."

Nilimgeukia Babu anitetee. Babu akasema kwamba jirani akikuomba umchore vizuri, kumnyima ni utovu wa adabu. Akampunguza Tomezo tumbo. Akamwongezea Bi. Otora nywele. Nguzo za simu ya telegrafu aliziacha nje ya picha kwa hiari yake mwenyewe, bila kuombwa na mtu, kwa sababu anasema hazitadumu.

Picha ilikuwa nzuri, siwezi kukudanganya. Rangi ya paa ni ileile ya vigae vyetu vikilowa. Lakini ukiitazama utadhani hapa hakuna anayefua, anayepika wala anayezeeka. Nilikasirika hata nikashindwa kula. Niliwaza kwamba utaifungua huko kambini mbele ya wenzako, uitafute nyumba yetu, halafu ujilaumu kwa kutoijua.

Sasa nitakwambia jambo ambalo Mama hajawahi kutaka nikwambie. Tangu uondoke, anakuandalia sinia kila asubuhi, kama ilivyo desturi kwa msafiri aliye mbali. Wali, supu, na figili ya chumvi, mahali pako pale karibu na mlango. Baadaye hufunua kifuniko cha bakuli, na akiona matone ya mvuke chini yake hujua kwamba u mzima. Siku ile ya kuchorwa alilificha sinia nyuma ya kabati, kwa kuwa bakuli lako lina pengo na mlango ungekuwa wazi.

Jioni Babu alimpa picha aitazame. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole mlangoni kwetu.

"Baba, hapa Eijiro hana mahali pa kukaa."

"Si umemwondoa mwenyewe?"

"Basi mrudishe."

"Rangi ya maji haisuguliwi kama sakafu, binti yangu. Nikigusa hapo, ukuta mzima utachafuka."

"Atadhani tumeacha kumwekea chakula," akasema Mama, na akaanza kukohoa, ingawa nadhani hakikuwa kikohozi.

Bi. Otora alikuwa amekuja kuazima chumvi, yaani kusikiliza. Aliinama akaitazama picha begani kwa Mama, akasema, "Chora nyingine, Mzee. Na nepi zangu zirudi. Kijana atajuaje kuwa ni kwetu?" Asubuhi Tomezo naye akaja kudai tumbo lake.

Ungedhani hapo matatizo yamekwisha. Hapana. Mvua ikanyesha mfululizo, na karatasi yenye unyevu haipokei rangi vizuri. Ilipokatika, wabomoaji walikuwa wameshafika na kuiondoa nyumba ya Sahei kinyozi, ile ya mwisho karibu na kisima. Sahei bado ananyoa watu palepale kwenye udongo mtupu, amesimika mwavuli mkubwa wa karatasi juu ya kiti, na paka wake amelala juu ya taulo. Babu alitaka kuirudisha nyumba ile kwa kumbukumbu. Nilikataa. Tukabishana, yeye na brashi yake, mimi na maneno ya Mwalimu Hirano wangu, mpaka rangi ikakauka kwenye kisahani.

"Pelekeni zote mbili," Mama akasema akiwa jikoni. "Moja ina nyumba zote, nyingine ina sisi."

Ndiyo maana unapokea picha mbili. Katika hii ya pili Tomezo amebana pumzi kwa mazoea, na nguzo ya simu imepinda kwa sababu Babu aliichora akiwa amenuna. Sinia lako utaliona mlangoni. Ni doa jeupe tu, dogo kama punje ya mchele, lakini Mama alisimama nyuma ya Babu mpaka akaliweka.

Nina ombi moja, Kaka. Zitazame picha hizi bila haraka, kisha utuandikie kile ambacho Babu hakukichora katika yoyote kati ya hizo. Lazima kipo, maana sisi tunaokaa hapa tumezoea mno. Nyumba yetu haitaguswa kabla ya baridi kuanza, na karatasi ya picha ya tatu nimekwisha kuilaza chini ya godoro langu ibaki bapa. Ukikumbuka hata kitu kimoja, kiwe kidogo kiasi gani, nitajua kwamba hujasahau.

Msalimie sana Binamu Jinzo na mkewe Omasa. Mwambie Omasa kwamba mama yake anatembea bila fimbo. Babu anakusalimu, na anakataa kukiri kwamba anakukumbuka. Mama anakuombea usiku na mchana. Bi. Otora, Tomezo na Sahei wanasema ule vizuri. Mbingu zikulinde juani na mvuani, zikurudishe kwetu, popote kwetu kutakapokuwa.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Kinu