Kengele ya Baiskeli

Shoga, uko?

Si nilikwambia leo naendesha ile njia ya changarawe, inayopita vilima vya msituni mpaka kwenye maziwa? Nilipofika ziwa la pili, tairi likaisha upepo. Nikaingia nyumba iliyo kando ya maji kuomba pampu.

Mama mmoja akatoka. Hata salamu hakuitikia. Macho yote kwenye baiskeli yangu, ile niliyonunua kwa fundi ikiwa imeshatumika.

Akasema, "Hii ni ya mwanangu. Alizama hapa mwaka juzi. Kaka yake akaiuza tusiione tena. Baba yao mpaka leo hakubali kwamba amekufa."

Shoga, nilikosa pa kuuweka uso! Nikamwambia, "Pole mama, ichukue."

Akakataa. "Nipigie kengele tu. Mara moja."

Nikapiga.

Mzee akaita kutoka ndani, tena kwa furaha. KWA FURAHA, nakwambia! "Mke wangu, mfungulie mtoto, amerudi!"

Yule mama akakaa chini palepale, mkono mdomoni.

Baiskeli nimeiacha mlangoni kwao. Sasa napanda kilima kwa miguu, na huko chini mtu anaipiga ile kengele. Haachi.