Uzito wa Kipande cha Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimefanya upuuzi leo. Tunapima pedi za breki za shaba iliyochanganywa na unga wa grafiti na chembe ngumu. Kazi yenyewe si ngumu: unapima uzito wa kipande, unakisugua saa nzima kwenye sahani ya chuma inayozunguka, unakipima tena. Kilichopungua ndicho kilicholika. Basi. Sasa kipande cha sita kimerudi kwenye mizani kizito kuliko kilivyoenda! Miligramu nne zaidi. Kitu kinasuguliwa, kinanenepa? Nikajua nimeharibu — jasho la vidole, au sikukifuta vizuri kwa spiriti. Na wiki jana tu Bosi alinisema mbele ya watu, eti mikono yangu ni ya jembe, si ya maabara. Nikaona haya kumwita. Nikaandika: kimepungua miligramu mbili. Kwa wino. Hivi hivi.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi kaipenda namba yangu kuliko zote! Anasema mchanganyiko wa sita ndio wenyewe, hauliki. Anaupeleka kujaribiwa kwenye winchi ya kuinulia mizigo, karakana ya shemeji, mume wa dada. Akanipongeza. Nilipaswa kusema pale pale. Nikasema ahsante.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekula kwa dada. Shemeji hana habari nyingine ila winchi: inashika kimya, hata hujui imeshika. Karakana nzima wanaziita "breki za shemeji," shemeji yake, yaani mimi. Eti angejua nina akili hivi, angemwacha mkubwa aoe mdogo. Dada kamrushia kitambaa cha meza. Nikacheka nao. Nikainuka kuosha vyombo.

Jumanne, 15 Aprili

Dada kapiga simu asubuhi. Ngoma ya winchi, lile gurudumu la chuma linalobanwa na pedi, imechimbika mifereji. Jana mzigo uliteleza nusu mita ndipo ukashika. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Na pedi? Nzima, kama mpya. Kwa hiyo lawama zote kwa fundi wa matengenezo, kwamba kaacha mchanga uingie. Miaka kumi na tisa kazini! Shemeji ndiye mkuu pale, na ndiye anayemkaba: pedi zimepimwa maabara, wewe kakupima nani?

Nikaenda kabatini, nikatoa kipande cha sita. Nikakwangua uso wake kwa wembe, nikasogeza sumaku. Shaba hainasi kwenye sumaku. Vumbi lile likanasa.

Ni chuma cha sahani. Kipande kilikuwa kinakila chuma na kuondoka nacho mwilini. Mizani ilisema kweli! Mikono yangu haikukosea kitu, hadi iliposhika kalamu. Bosi yuko safarini mpaka Jumatatu. Nilifurahi kusikia hivyo, kisha nikajichukia kwa kufurahi.

Jumatano, 16 Aprili

Nipo karakana, kwenye benchi nje ya ofisi ya shemeji. Yupo ndani, anaongea na simu. Sumaku na daftari la vipimo vimo mkobani. Nimeshayapanga maneno njia nzima: shemeji, namba ile niliitunga mimi.

Kando yangu kakaa mzee mmoja, kofia magotini. Kanisogeza upande wa kivuli — kaa huku binti yangu, jua lisikuunguze. Nimeuliza anasubiri nini. Barua, kasema, ya mambo ya winchi. Ndiye fundi mwenyewe! Hajui mimi ni nani. Natamani ardhi inimeze.

Shemeji katoka, kaniona, kacheka: umekuja kujionea huyu alivyotuharibia breki zako? Mbele yake! Mzee kanigeukia, kaniangalia vizuri. Halafu kaomba radhi. Ananiomba mimi! Nikasema, shemeji, zile pedi... Simu ikalia, akarudi ndani. Nimefungua daftari hili ili tu nisimtazame mzee.

Shemeji huyo tena. Kashika barua ya kumwachisha kazi, anapapasa mifuko. Hana kalamu. Anataka yangu, hii hii niliyoandikia zile miligramu mbili. Mzee naye anangoja. Mkono wa shemeji uko hapa, juu ya ukurasa, na mimi naendelea kuandika ili nisiiachie