Mlango wa Wombati

Seven Hills, Jumamosi, Julai 2007

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye meno, na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Lakini nina furaha, shajara yangu. Juzi nilikuandikia nikilia, kwa hiyo leo nakudai usikilize.

Bosi wangu, Ken, anafuga ayala, wale kama paa wakubwa wenye pembe za matawi, kule shambani nyuma ya milima, na wawindaji humlipa ili waje kuwinda. Ayala si wanyama wa hapa, waliletwa kwa meli zamani. Wenyeji ni kangaruu na wombati, yule mnene wa miguu mifupi anayechimba utadhani analipwa kwa shimo. Ken anataka wote waishi pale. Kijito amekizungushia uzio ili ayala wasile miche iliyopandwa ukingoni, na chini ya uzio ameweka vilango vya chuma vinavyobembea. Wombati husukuma kwa kichwa, akapita kwenda kunywa. Ayala hasukumi.

Mimi hilo sikuambiwa.

Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nikiwa msichana, kila jioni nilizunguka zizi la mbuzi nikiziba matundu. Ukiacha moja wazi, asubuhi huna mbuzi. Basi wiki iliyopita nilipoona vilango vinapigapiga kwa upepo, nilivifunga vyote kwa waya, tena kwa ustadi. Nikajisifu hata kwa mume wangu.

Wombati alikuta mlango wake umefungwa, akachimba pembeni. Ayala wakatambaa kwenye shimo lake, wakala miche.

Nilimwambia Ken ni mimi niliyefunga. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Alisema tu kwamba akishindwa kukilinda kijito, atauza ayala wote. Wakiondoka wao, na mimi kazi sina, narudi kufagia kiwanda Villawood. Niliogopa sana.

Leo tumefungua waya, tumejaza shimo mawe, kisha alasiri tukajibanza nyuma ya gari. Mume wangu akatuma ujumbe: "Mama Neema, job iko ama imekwisha?" Nikairudisha simu mfukoni.

Wombati akatokea. Akanusa, akasukuma, kilango kikamwangukia matakoni. Nikashindwa kuzuia kicheko. Ayala jike aliyekuwa karibu akasogea, akagusa chuma kwa pua, chuma kikalia, akaruka nyuma na kurudi kwenye nyasi zake.

"That bloke was here first, Mama," Ken akasema, akimwonyesha wombati kwa kidevu.

Najua, yeye ndiye aliyetangulia hapa. Mimi nimeletwa kwa ndege. Labda ndiyo maana ayala nawapenda, na sitaki wauzwe.

Tulipoingia ndani ya uzio nikapiga magoti kwenye matope. Ile miche iliyotafunwa imeanza kutoa vichipukizi, vidogo kama punje za mchele. Nikamwita Ken. Aliinama akavitazama muda mrefu, maji yakimdondoka kwenye kofia.

"Monday," akasema. "Bring your boots."

Buti za Jumatatu nimeshaziosha, ziko mlangoni. Waya nauacha nyumbani.