Vibao Tisa vya Mbwajumali na Q Moja

Langoni, Lamu
Jumatano, Mfungo Sita umeandama jana

Kwa dadangu Thuwaiba, mwalimu wa watoto wa Mombasa na, kabla yao, wa kichwa changu kigumu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na mwanenu Amal, na kwamba joto la huko halijakuyeyusha ukabaki buibui tupu. Sisi huku alhamdulillahi. Mama hajambo, goti limepoa tangu alikande kwa mafuta ya ufuta. Baba hajambo, na ukali wake pia haujambo. Mbuzi uliyemwacha amezaa pacha, akajipongeza kwa kula taulo langu jipya.

Najua umeshatoa macho. Unajiuliza huyu Rayyan, ambaye mwalimu wake alisema daftari lake ni kama uwanja walimopigana kuku, mwandiko huu kaupata wapi. Nakuomba usipige simu. Soma kwa mpangilio, na usirukie mwisho, maana nakujua: hata hadithi ulikuwa ukizianzia nyuma.

Habari kubwa ni kwamba kijiji chetu cha Mbwajumali sasa kina vibao vya njia. Ndiyo, Mbwajumali hiyo hiyo. Na aliyevibuni ni mimi nduguyo, niliyeiacha shule kidato cha pili, si wale wenye vyeti waliofunikwa na vumbi la vyeti vyao.

Chanzo ni nesi mpya, Nesi Gakii, mtu wa Meru, mama mcheshi ambaye Kiswahili chake kinapanda mlima na kushuka. Siku moja aliitwa akamwangalie Bi Mwanamkisi, kizunguzungu kilikuwa kimemshika. Nesi akauliza njia. Akaambiwa apite nyumba ya marehemu Bwana Mohdhar, akunje penye mti wa mkungu, nyumba ni ya pili. Wewe unajua na mimi najua kwamba nyumba ya marehemu ilianguka mimi sijazaliwa, na mkungu ulikatwa ukawa kuni za harusi yako. Nesi wa watu alizunguka na mkoba wake akatokea kwenye zizi la mbuzi mara tatu, na mara ya tatu mbuzi walishamzoea. Alipofika, Bi Mwanamkisi alikuwa mlangoni amepona kwa hasira, akamuuliza kama amekuja kwa miguu kutoka Meru.

Watu walicheka, lakini nesi hakucheka sana. Siku ya mkutano alisimama akasema safari hii ni kizunguzungu, safari ijayo huenda ikawa mzazi anayetokwa na damu, na yeye hawezi kutafuta mgonjwa kwa kufuata miti iliyokwisha kupikiwa pilau. Ikakubaliwa njia zetu tisa ziandikwe majina kabla ya maulidi ya mwezi huu, wageni wa Siyu na Faza wasije wakapotea kama nesi.

Ulimi wangu unaujua. Nilisimama bila kuulizwa, nikasema kazi hiyo niachiwe mimi, kwani Lamu nzima hakuna anayeijua kompyuta kunishinda, na Bwana Jabez, mwenye duka ninalofanyia kazi hapa Langoni, alinifuata mwenyewe akanibembeleza nikamfanyie kazi. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyeangusha sindano. Akainuka, akasema mbele ya watu wote kwamba mtoto huyu amesikika vya kutosha na sasa aonekane: vibao vikitoka vizuri atabaki na kompyuta zake, na vikiharibika atakwenda Ras Kitau kumbebea ami yake mawe ya ujenzi, na maneno yake atayatumia kuyahesabia mawe hayo. Watu wakaitikia amina. Amina, dada! Kama dua ya mvua.

Basi nikaingia kazini. Kwanza nilipima. Kibao cha barabara za mjini husimama juu ya mlingoti, lakini kwetu mlingoti ungeng'olewa na punda wa kwanza. Nikaamua vibao vilale ukutani, juu kuliko punda mwenye magunia na mtoto aliyekaa juu ya magunia. Pili, majina. Tuliandika Ndia ya Kisimani, Ndia ya Mnazini, kama tusemavyo nyumbani, si Njia kama yasemavyo magazeti. Tatu, na hapa ndipo nilipojipiga kifua, sikutaka herufi zile za barua za serikali. Nilitengeneza fonti yangu, yaani herufi zote kuanzia A za sura moja, za mwandiko wa mkono, na ndani yake nikatia vipicha: ndoo kwa kisima, kuba kwa msikiti, kidole kinachoelekeza. Nikibonyeza kitufe, ndoo inatokea. Kila aliyeingia dukani aliniuliza mwandiko ni wa nani, nami nikajibu ni wangu. Bwana Jabez peke yake hakusifu. Aliitazama skrini, akanitazama mimi, akaenda kunywa chai.

Printa yetu ni ndogo. Nikatia kazi kwenye flashi, nikaipeleka duka jingine lenye printa ya karatasi pana, nikawaambia wakimaliza wampelekee moja kwa moja Fundi Mahdi, yule mchonga milango, abandike karatasi juu ya mbao na kuchonga. Kisha nikaabiri boti kwenda nyumbani siku nne, kujisifu kabla sifa hazijapoa.

Niliporudi nilimkuta Fundi Mahdi amemaliza vibao vinne, amevipanga ukutani na anavitazama kama bwana harusi. Herufi zilikuwa zile zile za barua za serikali, nene, zilizosimama kama askari. Na kwa kuwa ni pana kuliko zangu, jina halikuenea: KISIMA juu, NI chini peke yake kama yatima. Na mahali pa ndoo, pa kuba na pa kidole, palikuwa na viboksi. Viboksi vitupu, dada, kimoja baada ya kingine. Na Fundi Mahdi hakuuliza, kwani maisha yake yote amechonga mapambo ya miraba na maua. Kila kiboksi alikizungushia mkufu na ua katikati. Akaniambia mimi ni kijana mwenye adabu ya sanaa, hajapata kupewa kazi ya kutuliza moyo namna ile, na kwamba akipata mlango wa kuchonga atavitia viboksi vyangu.

Papo hapo akaingia Baba, amekuja mjini kununua nyavu. Alivitazama vibao, akasoma moja moja polepole, akauliza NI ni mtaa gani. Kisha akayatazama makubadhi yangu, akauliza kama yanafaa kubebea mawe, au aninunulie viatu kabisa wakati yupo madukani.

Nilirudi kwa Bwana Jabez nimenyong'onyea. Yeye alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba maneno kwenye kompyuta ni wasafiri, na fonti ndiyo nguo zao. Mimi nimewapeleka wageni bila sanduku la nguo. Walipofika kwenye kompyuta ile nyingine, mwenyeji amewapa kikoi cha babu yake, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Na vile vipicha hakuwa na hata kikoi cha kuvipa, akavipa boksi. Dawa ni mbili: ama uipeleke fonti yenyewe na kuipandikiza kwenye kila kompyuta kabla hujafungua kazi, ama ugeuze kila herufi iwe mchoro, isiweze tena kuvuliwa nguo. Nikafanya zote mbili, mwoga hafi mapema. Nikaijaribu kwetu, nikaijaribu kwenye lile duka jingine, nikaijaribu kwenye laptopu ya Nesi Gakii, na kote ndoo ikatokea ndoo. Fundi Mahdi hakutaka kutupa mbao njema. Alivigeuza vibao vinne akachonga upande wa pili. Kwa hiyo ukija, ujue nyuma ya Ndia ya Kisimani kuna viboksi vizuri kuliko milango ya matajiri, vimegeukia ukuta, havisomwi na mtu ila mijusi.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, tulivigongomea. Kijiji kizima kilitufuata kibao hadi kibao kama harusi. Nesi Gakii alisoma kila jina kwa sauti, watoto wakamwitikia. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, kifua mbele, nikieleza jinsi mkono wangu ulivyo mwepesi, na Baba alikuwa chini ameishika ngazi, naapa nilimwona akitabasamu. Tukafika Ndia ya Kisimani, kwa Bi Mwanamkisi.

Sasa Bi Mwanamkisi, unavyomjua, Qur'ani anaisoma kama maji, lakini herufi hizi za kizungu hazijui hata moja. Akaomba kibao akishike kabla hakijapanda. Akapitisha kidole juu ya ile K, pale inaponyanyua mguu kama anayeruka dimbwi. Akasema huu ni mkono wa Thuwaiba. Nikacheka, nikamwambia bibi yangu, wewe husomi. Akajibu kwamba hasomi, lakini miaka sita Thuwaiba alimwandikia barua za kumpelekea mwanawe melini, na nakala alikuwa akizitazama kila siku kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo. Mtu hahitaji kusoma uso wa mwanawe, akasema, huujua tu. Akamtuma mjukuu, barua zikaja, zikawekwa kando ya kibao. K na K. M na M. Mimi bado niko juu ya ngazi, dada, sina pa kushukia.

Nikakiri. Na wewe nakukiria sasa, kwa ukamilifu.

Nilifungua sanduku lako la nyumbani, lenye rasimu za barua ulizowaandikia watu. Ufunguo uko pale pale, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Nilitafuta karatasi moja yenye herufi nyingi, ili nizipige picha na kuzifuata moja moja kwenye kompyuta. Za akina Bi Mwanamkisi sikuzisoma, wallahi, siri zao zimelala. Niliyoichukua ilikuwa ndefu kuliko zote, imekatwakatwa na kuandikwa upya mara tatu. Ilikuwa barua yako kwa Bwana Jabez. Ile uliyomwomba anichukue, ukamwambia nduguyo ana mdomo mrefu lakini akili yake ni ndefu zaidi, na akinivumilia mwaka mmoja hatajuta. Mimi niliyewaambia watu wa visiwa vyote kwamba alinifuata mwenyewe! Nilikaa juu ya sanduku lako mpaka Mama akaniita mara mbili. Kisha nikaendelea kujisifu, kwa sababu sikujua nitaachaje. Na Bwana Jabez alijua tangu siku ya kwanza kwamba mwandiko ni wako. Barua safi anayo bado kwenye droo yake.

Watu walipocheka, Baba ndiye aliyecheka zaidi, hata ngazi ikatikisika. Lakini hukumu yake ni hii: vibao vimefaulu, ila mchoraji amesema uongo, na aliyeibiwa si yeye Baba bali ni wewe. Kwa hiyo mkoba wangu wa Ras Kitau umefungwa, uko mlangoni, na amesema atakayeufungua au kuutia kwenye boti ni Thuwaiba kwa jibu lake.

Basi sasa umeelewa. Mwandiko unaousoma ni wako. Barua nimeichapa karatasini, ndiyo maana sikukutumia kwa simu: ingefika imevaa kikoi cha simu yako. Fonti nimeipa jina lako, na iko ndani ya flashi hii, pamoja na picha za vibao. Ipandikize kwanza, ndipo ufungue.

Herufi moja tu si yako. Katika barua yako hukuwa na Q, na sisi tuna Ndia ya Bwana Abdulqadir. Hiyo Q nimeichora mimi. Imekaa kama kuku anayetamia, na watoto wanaicheka kila wapitapo. Ukiniwia radhi, usiandike mengi. Niandikie Q moja kwa mkono wako, nitaelewa, na Fundi Mahdi ameshanoa tindo.

Mama anakusalimu na anauliza kama achari ya embe ilifika. Nesi Gakii anakusalimu bila kukujua, anasema anapita ndani ya mwandiko wako kila siku kwenda kwa wagonjwa. Bi Mwanamkisi anakubusu kichwa. Mbusu Amal, mwambie mjomba wake ni mtu mashuhuri, kwa sasa.

Sahihi hii nimeitia kwa kalamu, ujue ni mimi kweli.

Nduguyo mwenye mkoba mlangoni,
Rayyan bin Aqil