Ulitufundisha Kuonja Tu

Mwalimu Barasa,

Naandika kwa kalamu, maana kompyuta sitaki hata kuiona.

Tulikuzika kwenu Namboboto. Watu walijaa, lakini sisi darasa lako la Malaba tulisimama kando ya kaburi hatuna la kusoma. Acha nikwambie ilivyokuwa. Presha ilipokuchukua ghafla vile, tulikusanyika kwenye kile chumba nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, tukawasha kompyuta kwa flash yako ya Linux, ile programu ya bure ya kuendesha kompyuta, kama ulivyotuzoesha, tukakuandikia risala. Kila mtu aliweka lake. Mama Atieno wa mitumba, aliyekuwa anaogopa hata kushika mausi, alichapa aya nzima kwa kidole kimoja huku analia. Nikahifadhi, nikaliona jina la faili kwa macho yangu. Kisha stima ikapotea. Iliporudi tukawasha tena, na hapakuwa na kitu. Hata neno moja, Mwalimu.

Ulikuwa umetuambia: "Mkitumia flash ni kuonja tu. Ukizima, kila kitu kinaenda. Kuinstall, kuiweka kabisa ndani ya kompyuta, tutafanya wiki ijayo." Tulisikia, hatukuelewa. Na wiki hiyo ndiyo tuliyokuzika.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Unatuachaje katikati? Tukijaribu kuinstall wenyewe, mashine inauliza kama ifute diski yote, na sote tunatoa mikono haraka. Okiru, yule kijana wa clearing anayepitisha mizigo forodhani, amepeleka yake kwa jamaa wa cyber awekewe Windows ya magendo. Aliniambia, "Dada Nekesa, hii Linux ilikuwa ya Mwalimu. Mwalimu ameenda, wacha tuachane nayo." Wewe ulisema ni ya kila mtu, hakuna wa kutufungia. Nilitaka kumjibu hivyo, nikainamia cherehani yangu. Siku hizi nashona huku nalia, na wateja wakiuliza nasingizia moshi wa pasi ya makaa.

Nakumbuka ulivyokuwa ukicheka mtu akiuliza kama Linux inakula bundles za intaneti. Ulicheka mpaka ukashika meza, halafu ukamjibu polepole, bila kumwaibisha. Nani atatujibu vile sasa?

Jumamosi alikuja Mama Atieno peke yake. Tulikaa tukiangalia malori yaliyopanga foleni kuvuka mpaka, hatukuwasha chochote. Akasema tu, "Hata herufi kubwa nimeanza kusahau," akaenda nyumbani.

Pumzika, Mwalimu wangu. Siwezi kukuahidi kwamba darasa litabaki, kwa sababu sioni likibaki. Ninachokuahidi ni hiki: Jumamosi ijayo nitaweka mezani kompyuta yangu mwenyewe, yenye vipimo vya nguo za wateja wangu wote ambavyo sijui kuvihamishia kwingine, na ikiuliza kama ifute diski, nitakubali. Ikiharibika, Mama Atieno atakuwa ameona nilipokosea, naye ataanzia hapo.

Mwanafunzi wako,
Nekesa